Mama Amepata Kamba Yake

Partick, Glasgow
Jumapili jioni, mwezi wa Aprili

Mdogo wangu Rhona,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dunedin, wewe na Murdo na watoto. Goti lako je, limepata nafuu? Mimi mwili haujambo, ila usingizi umenikimbia na chakula hakishuki. Huku ni mvua tu tangu juzi. Najua umezoea nikupigie simu, lakini safari hii mdomo umekataa, tena nimetumwa niandike. Aliyenituma utamjua ukifika mwisho, kwa hiyo usiruke mistari, nakujua wewe.

Hili la kwanza unalo tayari: Netta Baird amekufa. Miaka thelathini nimekuwa Netta, mwenye duka la samaki kwenye tamthilia yetu ya Ardwhinnie. Nimeolewa humo mara nne, nimechomewa duka mara mbili. Kabla yake nilihangaika kwenye majukwaa ya Perth na Dundee, nikicheza wajakazi wasiosema neno, hadi Baba akawa anawaambia watu kwamba bintiye kaenda mjini kubeba sinia. Netta ndiye aliyenitoa. Mpaka leo hapa Partick hakuna anayeniita Ishbel. Dereva wa basi akiniona hupaza sauti, ee Netta, yule mume wako mwizi umeshamfukuza au bado? Basi zima hucheka, nami humjibu, namtunza nije nimwoze dada yako.

Mwaka jana majani yakipukutika, mkuu wetu mpya, kijana anayeitwa Fraser Tulloch, aliniita ofisini akanimiminia chai kwa mkono wake. Nikajua yamenifika. Akasema Bi Ishbel, umefanya kazi kubwa, lakini watazamaji wanataka sura mpya, na usiwe na wasiwasi, tutakuua vizuri. Kuniua vizuri! Nikamwambia ahsante mwanangu, ila biskuti zako ngumu.

Nilipofika nyumbani nililia mpaka nikatapika. Si kwa sababu ya kazi, Rhona. Ni Mama. Unajua jinsi kumbukumbu zake zinavyomwisha, anapoteza watu mmoja baada ya mwingine. Kati ya tulio huku, mimi peke yangu hakuwa amenipoteza, maana kila Alhamisi jioni, kwenye sebule ya ile nyumba ya wazee pale Largs, alikuwa ananiona kwenye televisheni na kuwaambia wenzake, hebu nyamazeni, binti yangu huyo. Ana kwa ana ilikuwa taabu, kichwa changu hiki cheupe hakukijua. Basi Moira wa chumba cha mavazi, Mungu ambariki, akawa ananiazima wigi jekundu la Netta na koti lake la kijani kila Jumapili. Napanda treni hivyo hivyo, abiria wanakonyezana, na Mama akiniona mlangoni anapiga makofi, Ishbel wangu kaja! Ishbel, siyo Netta. Nikajua siku Netta akifa, mimi sina tena mama.

Kifo changu tulikirekodi Januari. Sisi hutangulia miezi mitatu, kwa hiyo nilikuwa nimeshazikwa huku kwenye televisheni bado nauza samaki. Kampuni ikachukua wigi na koti, ati viwekwe kwenye maonyesho. Niliomba nivinunue, wakakataa. Tangu hapo nikawa naingia Largs kama mgeni. Mama ananikaribisha kwa adabu, ananiuliza nasali kanisa gani, kisha ananihadithia juu ya binti yake mwigizaji, hodari kweli, ila ana mdomo. Nami nakaa pale nakunywa chai nikisikiliza habari zangu. Nakuapia niliridhika. Nilisema bora anipende kwenye kioo kuliko asinipende popote.

Siku ya kifo ilipokaribia nilimsihi Sheena, muuguzi wake, asiwashe Ardwhinnie jioni ile. Akaniambia ondoa shaka mama, nitawawekea mashindano ya dansi. Na kweli akaweka, wazee wakanung'unika, kifo kikapita, Mama hakuona kitu. Nikashusha pumzi. Mjinga mimi! Tangu lini mtu akafa Ardwhinnie asizikwe Alhamisi inayofuata? Mazishi yale niliyacheza mwenyewe, nimelala ndani ya jeneza lile kabla hawajalifunika, na bado nikayasahau. Sheena naye alidhani balaa limekwisha. Akawasha.

Unakumbuka alipozikwa Baba? Jeneza kushushwa kwa kamba, kila kamba na mtu wake, na ile ya kwanza, ya kichwani, ya aliye karibu na marehemu kuliko wote. Wanaume wakaenda makaburini. Hata McCrindle jirani, aliyekuwa hasalimiani na Baba, akapewa kamba. Mama, mke wa marehemu, akaachwa jikoni pamoja nasi kukata pai ya nyama. Hajawahi kulisamehe lile. Kila msiba lazima alitaje, kwamba yeye amezeeka kwenye kiwanda cha nyuzi pale Paisley, na kamba ya mume wake hakuishika.

Sasa jikaze, ndugu yangu. Leo mchana nimemkuta amevaa nguo nyeusi. Sheena alinipokea mlangoni analia, hawezi kusema. Mama akasema yeye. Akasema binti yake amefariki, ameona kwa macho yake mawili, wamemzika mbele ya nchi nzima na kamba ya kichwani wakampa yule mume mwizi. Na mimi mama yake niko hai, alisema, hawakuniita! Nikapiga magoti nikamwambia Mama, ni mimi, Ishbel, sijafa, nishike. Akanitazama kwa huruma, akanipapasa shavu, akasema pole, kumbe na wewe ulimpenda.

Halafu akaanza kuililia kamba, Rhona, kama mtoto. Sikuweza kuvumilia. Nikachomoa kamba ya joho lake la asubuhi, nikaifunga kwenye mto, nikauweka mto ukingoni mwa kitanda, nikampa ncha. Akauliza hii ni ya kichwani? Nikasema ndiyo, ni yako wewe. Akalikagua fundo langu, akasema nani kalifunga hivi, akalifungua na kulifunga upya. Kisha akaushusha mto polepole, ananionya nisimharakishe, kwamba Ishbel tangu utoto hakupenda kuharakishwa. Mto ulipogusa sakafu akaiachia kamba ikadondoka juu yake, kama wafanyavyo wanaume, akajifuta mikono. Nilisimama pale nikajitazama nikizikwa.

Baada ya hapo ametulia kabisa. Ameomba chai, amekula na keki. Akaniambia naonekana mtu mwema tena msomi, na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nimsaidie kumwandikia binti yake aliye New Zealand. Amesema nikuambie hivi: dada yako amefariki, amezikwa vizuri, na kamba ya kichwani kaishika mama yake mwenyewe. Usilie sana. Ila uje, maana amebaki na wewe tu.

Nimefikisha kama nilivyotumwa. Njoo, Rhona, nakuomba. Nitakupokea uwanja wa ndege na kukupeleka Largs hadi mlangoni. Ukitaka niingie nitaingia, lakini mwambie mimi ni rafiki wa marehemu, usije ukamrudishia msiba.

Msalimie Murdo, na watoto uwabusu kwa ajili yangu. Mama anakusalimu sana.

Ni mimi, ambaye kwako wewe bado ni dada yako,

Ishbel