Neno Nililomfasiria Mama Dukani

Jumamosi, katikati ya Mei. Mvua imekatika sasa hivi, mabati bado yanadondosha, na majirani wanafunua tena kakao yao waliyoikimbilia na maturubai. Ipinda nzima inanukia kakao iliyovundikwa, chachu na tamu kwa pamoja. Nina furaha. Nina aibu pia. Naanza na aibu, kwa sababu nikianza na furaha sitafika huko.

Mwezi wa pili mwaka huu, nikiwa dukani na mama, nilimwambia maneno matatu ambayo sijawahi kumweleza mtu yeyote.

Ni ile ile.

Hayo tu. Nimekaa nayo miezi mitatu, na leo asubuhi nimeongeza mengine juu yake.

Kwa mnaosoma hapa (sidhani kama mnafika kumi, na hakuna anayenijua, ndiyo raha yenyewe): mimi na mama si wa hapa. Tumetoka ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, upande wa Rumphi, wanakosema Kitumbuka. Baba yuko kazini Afrika Kusini. Mama alikuja Ipinda kwa biashara nikiwa na miaka kumi, tukapata vibali, tukapanga chumba na sebule, tukabaki. Kule nilisoma kwa Kiingereza. Hapa niliingizwa darasa la nne nikiwa sijui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Sasa niko kidato cha tatu na Kiswahili ninacho. Mama anacho cha sokoni: bei, baridi, chenji, kesho. Kinyakyusa anajua salamu na "ndaga", asante yao, ambayo anaitumia kwa kila jambo. Yaliyobaki yote hupitia kwangu. Mimi ambaye darasani nikitajwa jina natazama meza, mbele za watu ndiye mdomo wa mama.

Mama hutengeneza togwa. Yeye huiita thobwa, kama kwao. Anajaza kwenye chupa na kuwauzia watu wa mashine za kukobolea mpunga, wale wanaotoka mle wakiwa na pumba mpaka kwenye kope. Kwa joto la huku, togwa isiyo baridi hainywewi. Ndiyo maana alidunduliza mwaka mzima akanunua friza.

Duka liko Kyela mjini, mwenyewe anaitwa Baba Lusajo, mtu mpana mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Siku ile friza ilikuwa imeshapakiwa kwenye kirikuu, dereva anapiga honi. Baba Lusajo akasukuma kadi juu ya kaunta.

"Mama, saini hapa. Ni hati ya dhamana."

Mama akarudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akaniuliza kwa Kitumbuka: ni dhamana ile?

Ile. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mjomba alikamatwa akivusha sukari bila vibali, na mimi ndiye niliyesimama kituoni nikimfasiria mama. Dhamana ndilo neno kubwa la kwanza la Kiswahili nililojifunza. Mama akaweka sahihi kama mdhamini, mjomba akatoka, na wiki hiyo hiyo akatokomea Mzuzu. Ikabidi mama awe anaripoti kila Jumatatu, miezi na miezi, ananyoosha kitambulisho dirishani na kuulizwa ndugu yake yuko wapi. Nilikwenda naye mara zote.

Basi nikaitazama ile kadi. Herufi kubwa: HATI YA DHAMANA. Chini yake mistari midogo, labda kumi na mitano. Ningeisoma ningeelewa. Lakini honi ilikuwa inapigwa, Baba Lusajo ameshika kalamu hewani, watu wawili nyuma yetu wanatutazama, na masikio yangu yalikuwa yamewaka moto. Nikasema, ni ile ile.

Mama akamgeukia Baba Lusajo, kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Mimi nalipa yote. Hapana dhamana."

Watu wakacheka. Tukaondoka na friza na risiti, kadi ikabaki kwenye kaunta.

Ndani ya friza kulikuwa na kitabu cha maelekezo, kurasa za mbele Kiingereza, za nyuma Kiswahili. Zile za Kiingereza nilizisoma siku hiyo hiyo na nikaelewa vizuri kabisa: kifaa kikiharibika ndani ya mwaka mmoja kinatengenezwa bure, onyesha kadi. Nikadhani kadi ni kitu kingine, labda kimefungwa humo humo ndani ya boksi. Wiki mbili baadaye, nikisubiri uji wa togwa upoe, nikasoma za Kiswahili kwa kupoteza muda tu. Neno la huko kutengenezewa bure lilikuwa dhamana. Nilikuwa nalo kwa lugha zote mbili, kila lugha na chumba chake kichwani mwangu, na sikuwahi kufungua mlango wa katikati.

Ningemwambia siku hiyo. Duka lipo, kadi ipo, nauli ya kwenda mjini haitushindi.

Sikumwambia.

Nilijipa moyo kwamba friza ni mpya, haitaharibika. Tangu hapo kila nikipita karibu yake nikawa nasikiliza mngurumo, kama unavyosikiliza pumzi za mgonjwa.

Jumatatu wiki hii ikanyamaza.

Togwa yote ilichacha, chupa mbili zikafyatua vifuniko, sakafu ikanata siku nzima. Mama alipiga deki bila kulalamika. Halafu akaanza kujitafutia kosa. Labda aliijaza mno. Labda aliifungua fungua. Labda umeme wa kwetu chumbani ni mdogo na yeye hakuuliza. Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, namsikiliza mama yangu akijishtaki kwa kosa langu, na bado nikaenda kumwaga maji.

Alhamisi akaja Fundi Ambilikile, anayetengeneza redio na mafriji karibu na mashine. Nakiri nilimwombea kwa Mungu aitengeneze upesi, ili siri yangu ife nayo. Akaivuta friza kutoka ukutani, akatoa bisibisi, akainama. Akaona stika ya kiwandani iliyobandikwa juu ya skrubu. Akairudisha bisibisi mfukoni.

"Binti, mwambie mama mimi sigusi hapa," akasema. "Nikichana hii stika nimemlia haki yake. Pelekeni dukani na kadi. Kadi si ipo?"

Nikasema ipo. Huo nao ulikuwa uongo, ingawa sikujua kwamba ulikuwa ukweli.

Hakutaka hata ya soda. Alikunywa maji, akaaga. Angeweza kuifungua na kula hela ya mama kwa raha zake, sisi tungejuaje? Nimemwandika hapa ili nikiwa mkubwa nisimsahau.

Kazi ikawa kumshawishi mama. Alisema sisi ni wageni, tukagombane na nani, wataanza kutuuliza vibali. Vibali vyetu viko sawa. Lakini tangu zile Jumatatu mama anaogopa mahali popote penye kaunta. Nikamwambia huenda risiti ikatosha, twende tujaribu. Nilisema huku nimeinamia viatu vya shule, navipiga rangi, ili asinione usoni. Leo asubuhi akaitoa risiti kwenye Biblia yake. Wino umeanza kufifia, ila tarehe inasomeka.

Baba Lusajo alipomwona mama akaanza kucheka hata kabla ya salamu.

"Karibu, Mama Hapana Dhamana."

Kumbe pale dukani limekuwa jina. Mama alisikia karibu, akajibu kwa heshima zote, ndaga, ndaga.

Nikaeleza shida yetu. Akaniambia nipaze sauti, hapa hatuuzi siri. Nikapaza. Akaikagua risiti, akavuta droo, akapekua, akatoa kadi. Yenyewe. Mhuri, tarehe, namba ya friza, na ule mstari mtupu wa sahihi. Aliitunza miezi yote hii. Alidhani tunaivusha friza kwenda Malawi, ambako dhamana yake haifiki, ndiyo maana mama hakuitaka. Lakini kadi ni mali ya mteja, alisema, haitupwi.

Hapo mama akaiona. Ni neno pekee refu la Kiswahili analoweza kulisoma kwa mbali. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, mbona ile tena?

Nilikuwa na nafasi yangu pale, tena nzuri, wala hakuna honi iliyokuwa ikipigwa.

Nikamwambia wamebadilisha karatasi. Siku hizi si ile ya zamani, hii ya sasa ni ya kutengenezewa bure.

Mama akashusha pumzi. Akachukua kalamu na kuandika jina lake lote, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza siku ya mtihani.

Kisha Baba Lusajo, sasa kwa upole, bila utani, akaniuliza mbona siku ile mama aliikataa.

Nikamjibu, "Mama hajui Kiswahili vizuri."

Mama alisikia neno mama na akasikia neno Kiswahili. Akatabasamu na kutikisa kichwa kukubali, kwa sababu alijua ninasema habari zake, na ananiamini.

Sijui niandike nini chini ya sentensi hiyo.

Yaliyofuata ni mazuri matupu, na nayaandika kwa sababu ni ya mama, yanamstahili. Alianza kupiga magoti kushukuru, kama wanavyoshukuru kwetu. Baba Lusajo akazunguka kaunta upesi, akamzuia.

"Binti, mwambie asinipigie magoti. Hii si hisani. Alinunua kitu kizima, kikamharibikia kabla ya wakati wake. Kutengenezewa ni haki yake."

Hilo nililifasiri neno kwa neno. Kitumbuka changu hakikuyumba hata kidogo. Mama akafikiri, akaniagiza niulize: hata kwa wageni?

"Friza haiulizi pasipoti, mama."

Duka lote likacheka, na safari hii mama akacheka nao kabla sijafasiri, maana pasipoti ni pasipoti kila mahali.

Mchana kirikuu ikaja kuichukua friza yetu, inakwenda Mbeya kwa mafundi wa kampuni. Mpaka irudi, Baba Lusajo ametuazima ndogo ya zamani iliyokuwa stoo kwake, mlango wake unafungwa kwa kamba. Sasa hivi inanguruma sebuleni kama pikipiki. Togwa ya Jumatatu itapatikana. Watu wa mashine watakunywa.

Nimeorodhesha kichwani watu wa kuwashukuru leo, na kila nikifika kwa mama nakwama. Amewaambia majirani wote kwamba binti yake ndiye aliyeongea. Amelisifu duka kwa kubadilisha karatasi zao. Jina langu ni Tiwonge, kwa Kitumbuka ni tushukuru, alinipa yeye, na mchana wote amekuwa akiliita hilo jina kwa sauti ya furaha mpaka nikatamani kuitwa kitu kingine. Chupa ya kwanza kutoka kwenye ile friza ya kuazima ameniletea mimi. Iko hapa pembeni ya daftari, inatoa jasho. Sijainywa.

Nimeamua mawili. Wiki ijayo nikitumwa mjini nitapita kwa Baba Lusajo nimwambie, kwa sauti ile anayoitaka yeye, kwamba asiyejua Kiswahili siku ile hakuwa mama. Lile jina alifute. Ila hilo ni la pili. La kwanza halisubiri wiki ijayo.

Huwa naandika kwanza kwenye daftari, ndipo nachapa kwenye simu, na daftari hukaa chini ya kitabu cha Kemia. Mama hasomi Kiswahili, na bado nalificha. Akiingia hukuta nafanya hesabu za moli, ananiombea Mungu, anatoka.

Nasikia ndala zake kwenye matope ya uani. Anakuja kuangalia kama nimekunywa. Mkono wangu umeshashika kitabu cha Kemia, wenyewe tu, kwa mazoea.

Nimekirudisha pembeni, bila kulifunika daftari.

Anapangusa miguu kizingitini. Daftari liko wazi katikati ya meza, chupa iko pembeni. Akiniuliza ninaandika nini nitamwambia akae, nitamsomea kwa Kitumbuka, mstari kwa mstari, bila kuruka, na nikifika kwenye lile neno nitampa maana zake zote mbili.