Upepo Ulioingia Mkononi

Mpendwa Baba,

Sijui kama huko uliko mkono wako bado hutetemeka. Huku Doha wangu umeanza. Ni wa kushoto, kama wako, na naogopa. Nianze na hilo, maana wewe hukulisema hata siku moja.

Unakumbuka majirani wa Voi walivyokuja na hukumu yao? "Huyu ana upepo." Kwetu upepo ni shetani mwenye jina na matakwa yake, hatoki mpaka apungwe. Wakafunga madirisha, wakakufukiza ubani, ukakohoa hadi machozi yakakutoka. Ukaninong'oneza, "Kama ni pepo, basi ni mvivu. Kashika mkono mmoja tu!" Nilicheka, Mama akilia jikoni. Tulipomkumbuka daktari ulikuwa huwezi tena kufunga vifungo vya shati.

Sasa sikia. Hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud nakaa chumba kimoja na Sujatha, mama wa Kerala anayefanya kazi kwenye kliniki ya Ayurveda, tiba ya jadi ya kwao India. Juzi aliniona nikimwaga chai. Akanishika kiganja, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka, "Dada, hii ni vata. Upepo. Umeingia kwenye neva."

Niliuvuta mkono kama niliyeungua. Nimevuka bahari yote hii, na upepo umenifuata!

"Usinifukizie ubani," nikamwambia.

Nilipomweleza mambo ya kwetu alicheka mpaka akaketi kitandani. Upepo wao hauna jina wala haudai kuku mwekundu. Ni nguvu ya mwendo mwilini, ndiyo inayobeba habari kutoka kichwani hadi kidoleni. Ubongo na neva, kwa elimu yao, ni jamaa moja na uboho wa mifupa. Njaa, wasiwasi, kukosa usingizi, baridi kavu ya kiyoyozi, yote hayo huuvuruga upepo huo ukaenda ovyo. Akanilaza, akanitiririshia mafuta ya simsim yenye uvuguvugu kwenye paji la uso. Nililala fofofo, Baba. Nilipoamka, mkono ulikuwa bado unatetemeka.

"Mafuta yanatuliza," akasema, "lakini hayaoni ndani. Nenda kwa daktari wa neva."

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer, nikamwambia rafiki yangu Njeri. "Wee, usijaribu!" akasema. "Wakikupata na kitu, bosi anakukatia tiketi ya home wiki hiyo hiyo."

Huenda ni kweli. Lakini kazi yangu ni kumwinua bibi mzee wa Kiarabu kitandani. Hunishika shingo kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaniamini. Nikimwangusha je? Naogopa kuambiwa ugonjwa wangu, na naogopa zaidi kutoambiwa. Jumapili nitaenda, na nitaingia peke yangu.

Jana mjukuu wako alinipigia simu ya video. Akanikazia macho, akauliza, "Mama, mbona picha inatikisika?"

"Ni mtandao unasumbua, mwanangu."

Akacheka, akaniambia nisogee karibu na dirisha. Nikasogea.

Pumzika, Baba. Kama walio huko huombea walio huku, Jumapili usinisahau.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza