Frankline Atangulie

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na Mama ameacha kukugombeza kuhusu chumvi. Mimi niko salama. Hata nimenenepa, ukiniona utacheka.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Nikimtaja mdogo wangu Frankline tu, unakata. Karatasi itakungoja mpaka hasira iishe. Anayekuletea ni Mama Anisa, mke wa mwenye mashua ninayofanyia kazi, anayekuja Eastleigh kuona wajukuu. Tafadhali umkaribishe chai.

Najua msimamo wako. Kwetu Wajaluo mdogo haoi kabla ya mkubwa, na umesema hutampeleka Frankline kwa kina Clare, mchumba wake, mpaka mimi nilete mke. Lakini kina Clare wamechoka kungoja wageni wa posa. Wamesema Krismasi ikipita, binti yao aolewe na mwingine. Frankline aliponieleza alikuwa analia, Baba, na unajua yule si mtu wa machozi.

Mara ya mwisho uliniuliza ni mwanamume gani huyu anayeishi majini akiosha vyombo vya watu. Ukakata kabla sijajibu. Basi wacha nikusimulie ya leo, siku ambayo hakuna lililotokea.

Tumetia nanga kwenye ghuba moja kaskazini mwa Madagaska. Asubuhi niliangalia kama nanga imeshika, nikaona imeshika, nikaenda kupika uji. Jiko letu limening'inizwa, hivyo mashua ikilala upande, lenyewe linabaki wima. Mgeni hulishika kwa mkono akidhani anasaidia, na uji wote unamwagika. Mimi pia nililishika nilipofika, usiniulize kilichofuata. Vyombo tunaosha kwa maji ya bahari na kusuuza kwa maji kidogo ya kunywa. Mwenye mashua, Mzee Dirie, hushangaa ninavyojua kubana maji. Nilimwambia amshukuru Mama, na mifereji mikavu ya mtaani kwetu Ziwani.

Mchana mimi na Mzee tulishona tanga lililochanika. Siku hizi haoni tundu la sindano, kwa hiyo uzi natunga mimi, naye anashona huku akinihadithia barabara alizojenga alipokuwa injinia. Si mtu wa kusifu. Leo alisema tu kwamba nikishika usukani, yeye hulala usingizi wa kweli. Nilijifanya sijasikia, lakini nilifurahi kama mtoto. Baadaye nikasonga ugali, Mama Anisa akasema samaki wangu amezidi ndimu, tukabishana hadi sahani zikabaki tupu. Jioni mvua ndogo ilinyesha, tukakinga maji kwa turubai na kuyatia kwenye madumu.

Hapo ndipo nilipokubali jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa. Baba, mimi sitaoa. Si kwamba bado natafuta, wala hakuna msichana aliyenivunja moyo, kwa hivyo usimwambie pasta aniombee. Nimejiangalia vizuri nikaona sina hamu hiyo, na sina huzuni. Nilichoogopa ni kuitwa yule aliyerukwa na mdogo wake, na wewe kuulizwa kanisani mkubwa wako ana kasoro gani. Kwa sababu ya woga huo Frankline anakaribia kumpoteza Clare. Siwezi kumfanyia hivyo ndugu yangu. Wakitaka kunicheka, wanicheke.

Baba mkubwa Javan nimeshampigia. Alisema nikija mwenyewe, nikasimama mbele ya jamaa na kutamka kwa mdomo wangu kwamba nimempisha mdogo wangu, yeye hatapinga. Limebaki neno lako. Ukikubali, mpe Mama Anisa jibu, nami nitakuja kabla ya Krismasi. Siku ya kwenda kwa kina Clare, Frankline atakuwa mbele, mimi nyuma yake, na kila mtu aone.

Msalimie Mama sana, umwambie nakula vizuri. Wasalimie majirani, hata yule wa redio. Frankline usimwonyeshe barua hii kabla hujaamua, asije akatumaini bure.

Sijawahi kukuomba kitu kikubwa, Baba. Hiki usininyime.

Ni mimi mwanao wa kwanza, hata nikitembea nyuma,

Austine Odero