Vigae vya Mama Akello

Jumatatu, 4 Mei
Nimekanda udongo, nimewasha mkaa. Kama kila siku. Saa tano kikombe kimepasuka tena. Kikombe cha udongo ninachokiweka ndani ya chungu cha chuma, shaba iyeyukie humo isigusane na chuma. Cha pili hiki. Shaba yote imevujia chunguni, imeharibika. Bosi wangu, Mzee Lubega, hakugomba. Afadhali angegomba. Amesema tu kikipasuka cha tatu anazima tanuri, nami nirudi kwetu Bungoma. Na bushi, zile pete za shaba za mashine ya kusaga ya Kyebando, zinangojwa.
Kabla watu hawajakusanyika nimezoa vigae, nikavitupa kinamasini. Aibu.

Jumatano, 6 Mei
Mvua. Nimezunguka soko zima la Nakivubo kutafuta kikombe cha kiwandani. Hakuna. Tangu vita viishe wanaleta sahani na mablanketi, vitu vya mafundi hawana habari navyo. Nimerudi nimelowa chapachapa. Mimi, mtoto wa mfinyanzi! Mchanga nimechanganya vilevile kama nyumbani. Sasa nini?

Alhamisi, 7 Mei
Mama Akello, mke wa askari, anayetuletea uji hapa Kasubi, ameokota kigae nilichokisahau. Amekigonga kwa ukucha. Sauti butu. Akacheka.
"Wewe naweka mchanga tu? Hii moto ya shaba, si ya maharage. Twanga kigae ya zamani, changanya. Ile imeshaona moto, haiogopi."
Nimekasirika. Muuza uji anifundishe kazi! Kumbe mama yake alikuwa mfinyanzi huko Gulu. Nimemeza hasira, nikaingia kinamasini hadi magotini kutafuta nilivyotupa. Nimepata vichache. Havitoshi. Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Mei
Asubuhi amekuja na kifurushi cha kanga. Vigae vyeusi. Chungu cha mama yake. Mama alifia vitani, chungu kikavunjika njiani wakikimbia, naye amevibeba vigae mpaka Kampala. Nimekataa kabisa. Amevimimina kwenye kinu mwenyewe, akatwanga, akachekecha kwa chekecheke lake la unga. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi, 16 Mei
Wiki nzima kikombe kipya, chenye vigae vyake, kimekauka kivulini. Leo moto. Mzee Lubega amesimama mbali, kofia mkononi, kama yuko msibani. Shaba imeiva. Nimemimina. Nimechungulia ndani: hata ufa mmoja hakuna! Mzee akasema "Kale," kama Waganda wasemavyo jambo likikubalika, akaongeza mkaa. Sirudi Bungoma. Nimemshukuru Mungu kwa sauti. Mama Akello nimemshukuru mara tatu, akaniambia ninyamaze, ninywe uji.

Jumapili, 24 Mei
Bushi zimefika Kyebando, mashine inasaga. Ule udongo uliobaki, wenye vigae vyake, niliufinyanga kuwa mtungi mdogo. Jana nimeuchoma. Leo baada ya kanisa nimempelekea. Ameupokea kwa mikono miwili. Ameugonga kwa ukucha. Umelia.
Amesema "Mama," basi. Kisha akaenda nao kuteka maji.