Choo Kilichogeuzwa

Al Baraha, Agosti 2016

Kaka Fawaz,

Asalamu alaykum. Sisi hatujambo, ila joto. Jirani yangu Afrah anasafiri leo kuja huko, nampa barua hii kwa kuwa chumba chetu ni kimoja, nikipiga simu mume wangu Rafiq atasikia.

Bafu limekwisha kutengenezwa. Mfuko wa walemavu umelipia kila kitu, na kiti chake cha magurudumu kinaingia vizuri. Lakini ili kipate nafasi, mafundi wamegeuza choo, na sasa anayekaa anaelekea kibla, nawe wajua ilivyokatazwa kufanya haja hivyo. Nimewaomba wakirudishe, wamesema khalas, kazi imekwisha.

Rafiq halalamiki. Anasema tu hana kiu. Tangu juzi hanywi maji.

Wewe ndiye maalim wake. Mpigie kana kwamba umemkumbuka tu, umwambie aliyelazimika hana dhambi.

Dadako,
Rukiya