Baba, Nairobi Yako Ulimpa Nani?

Kwako Baba, uliyelala kule juu ya shamba letu la Mweiga,

Nimekukasirikia, na sioni sababu ya kukuficha. Umetimiza miezi mitano ardhini na mimi bado nagombana nawe kila nikikamua. Majirani wanadhani nagombana na ng'ombe.

Uliniita Mama. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na kwa kuwa mimi ni Wangeci kama nyanya, hukuniita kwa jina hata siku moja. "Mama, umekula?" "Mama, leta kiti ukae hapa." Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mtu mkubwa sana, mzazi wa mwanamume mwenye ndevu. Ndugu zangu walikuwa watoto wako tu. Mimi nilikuwa mama yako, na mama ni mmoja.

Kila mwisho wa mwezi ulirudi kutoka Nairobi, mikono yako ikinuka sabuni ya unga kwa sababu ya ile kazi ya kuzibua mitaro ya jiji. Jumamosi asubuhi tulikaa mlangoni pa jiko, mimi, wewe na karai la viazi, ukaanza kunihadithia. Hukuanza na majumba marefu kama wenzako waliotaka tujue wamefika mjini. Ulianza na maji. Ulisema kabla ya jiji palikuwa na kinamasi, Wamaasai wakinywesha ng'ombe wao hapo, wakapaita mahali pa maji baridi. Wanawake wetu nao walishuka kutoka vilimani na mizigo ya njahi, yale maharagwe yetu meusi, na viazi vikuu mgongoni, wabadilishane kwa ngozi. Hata wanaume wakipigana, wanawake walipita, kwa sababu njaa haichagui upande.

"Andika hiyo, Mama. Watu watakuambia ati Nairobi ilianza na treni. Uongo! Ilianza na wamama wamebeba chakula."

Nikaandika, kwenye daftari la hesabu, kwa penseli. Niliandika reli ilivyofika, mahema yakapigwa kwenye matope yale yale kwa sababu mbele palikuwa na mlima na watu walitaka pumziko kabla ya kuukabili. Niliandika tauni ilivyoingia na soko la Wahindi likachomwa moto. Niliandika makao ya serikali yalivyotolewa Mombasa, mji wa mawe na misikiti ya kale, yakaletwa kinamasini. Hapo ulicheka mpaka ukaangusha kisu. Niliandika babu alivyotembea mitaa hiyo na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kikining'inia shingoni, na alivyosombwa kwa lori pamoja na Wakikuyu wenzake wakati mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari. Hapo hukucheka. Ulimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki saizi ya gololi.

Kila mara niliomba unipeleke nikaone. "Ngoja mvua ipungue, Mama. Nairobi ikinyesha, maji inarudi kudai nyumba yake." Mvua yako haikupungua kwa miaka ishirini na tano! Nimefika Nairobi mara nyingi mwenyewe, nikienda hospitali na kununua nguo za duka langu, lakini kwenda si kupelekwa.

Kisha ikaja siku ya mazishi yako. Kwamba ulikuwa na nyumba nyingine huko tulijua. Mama yangu mzazi alijua zamani akanyamaza, nasi tukanyamaza naye. Lakini jina la mtu yeyote wa huko sikuwahi kulisikia. Akasimama mwanamke mwembamba, viatu vyake vya mjini vimezama kwenye udongo wetu, akashika maikrofoni. "Mimi ni Wangeci," akasema. "Baba alikuwa ananiita Mama."

Baba! Nilikuwa nimelia tangu asubuhi na machozi yakakauka papo hapo. Nilipotulia nilielewa: kila nyumba ina binti wake wa kwanza, na kila binti wa kwanza ni nyanya. Ulifuata desturi sawasawa. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Je, mama wawili wa mtu mmoja wakae wapi?

Hakuwa amemaliza. Akasema ulimtembeza jiji lote kwa miguu, Jumapili baada ya kanisa, tangu akiwa mdogo: kituo cha reli, mtoni, mitaa ambayo babu hakuruhusiwa kulala. Ile barabara ya juu ilipojengwa mlisimama chini yake, ukamwambia, "Sikiliza, Mama. Chini ya hapa maji bado inatembea." Aisifuye mvua imemnyeshea, na huyu alikuwa amenyeshewa vizuri. Nilimwonea kijicho. Mimi ulinipa maneno na karai la viazi, yeye ukamshika mkono.

Wiki iliyopita akanipigia simu.

"Sista, nasikia uko na daftari ya Baba. Nataka tutoe kitabu. Mimi niko na picha na najua mahali zote. Lakini hizo story za kitambo hakuniambia. Nikiuliza, anasema, 'Hiyo iko na Mama wa Mweiga.'" Kisha akaongeza, "Nilikuwa nakuchukia, jamani. Miaka yote najiuliza huyo Mama wa Mweiga ni nani."

Nilikata simu nikasingizia mtandao. Ilinichukua siku mbili kuamua. Nilitaka kulificha daftari, nilitaka hata kulitia jikoni liwake. Mama yangu mzazi alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Mpatie ama umnyime, lakini usikae hapo umevimba kama andazi. Hata mimi nilionea hiyo Nairobi wivu mpaka nikazeeka. Ilinipatia nini?"

Basi nimempigia. Nimemwambia daftari halitatumwa na mtu. Nitalibeba mwenyewe, na kabla hajaligusa, anipitishe kila mahali ulipompitisha, kwa miguu, hata kukinyesha. Amekubali. Tunakutana Jumamosi kwenye kituo cha reli.

Usidhani nimekusamehe, Baba. Wivu bado ninao, na nitakwenda nao. Ila nimemwomba kitu kimoja: atembee polepole. Yeye alishatembea nawe mara nyingi. Kwangu hii ndiyo mara ya kwanza.

Ni mimi, binti yako wa Mweiga,
Wangeci