Pikapu Yako Imebeba Machicha

Gatuanyaga,
Thika.
20 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Nzioki,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Doha? Joto limepungua, au bado mnafanya kazi usiku kama ulivyosema? Na kile kifua chako? Sisi huku tu wazima. Jua ni kali na visima vimeshuka, lakini tunaamka na tunakula, Mungu ashukuriwe.

Najua utashangaa kupata karatasi ilhali simu ipo. Ukipiga simu, mume wangu Kitheka hunipokonya kabla sijamaliza salamu, na haya ninayotaka kukueleza yeye hataki uyasikie. Janice, binti wa jirani, anakuja huko kuanza kazi, kwa hivyo nimempa barua mkononi. Mpokee vizuri, ni mtoto wa watu.

Kwanza ng'ombe wa mama, wa mwaitu wetu. Yule mwekundu, ndama wa mwisho kuzaliwa mama yetu akiwa hai, ndiye pekee tuliyebaki naye, na ana mimba. Kiangazi hiki nusura kimmalize. Mabua yaliisha, nyasi za kando ya barabara zikaisha, ikafika mahali akilala hawezi kuinuka mpaka tumwinue kwa mti, mimi upande huu na Kitheka upande ule. Mwenye bucha akaanza kupita hapa kila jioni kutusalimia. Hajawahi kutupenda hivyo.

Ngendo, rafiki yangu aliyehamia Kiuu kule Ruiru, ndiye aliyeniambia kuna mahali wanauza machicha, yale makapi ya shayiri yanayobaki bia ikishapikwa. Ng'ombe huyapenda kuliko mlevi anavyoipenda bia yenyewe. Lakini hawakuuzii ndoo. Unakuja na gari, wanakumwagia. Na machicha hayangoji mtu, yakikaa juani yanaoza. Wenye magari hapa kwetu wote walikataa kubeba kitu chenye harufu ile.

Ilibaki pikapu yako. Ulipoondoka ulituambia tuitumie, lakini unamjua Kitheka na heshima zake. Kwake yeye mali ya shemeji haiguswi. Aliifunika turubali, na kila Jumamosi anaifunua, anaiosha, anaiwasha aisikilize kidogo, kisha anaifunika tena. Maji ya kuoga tunapimiana, ya pikapu hayakosekani. Kuku walikuwa wakitagia chini yake. Mgeni akiuliza anaambiwa kwa sauti ya chini kwamba ni ya Nzioki, kama vile kuna mgonjwa amelala.

Nilipomwambia twende nayo Ruiru alikataa katakata. Alisema afadhali auze ng'ombe kuliko kuharibu kitu cha watu. Hapo nilikasirika kweli. Nikamwambia, "Baba Lynn, ng'ombe ni wa mama yetu. Gari ni ya mtoto wa mama yetu. Wewe hapo katikati unalinda nini?" Asubuhi nikamkuta amevaa koti lake la kanisani, amefukuza kuku, anakunja turubali.

Safari ya kwenda ilikuwa raha tupu. Aliendesha kama anayempeleka bibi harusi, malori yakitupigia honi kutoka Thika mpaka Ruiru. Ngendo alikuwa ametushikia foleni tangu alfajiri, na uji wetu ameuleta kwenye chupa. Waliofika baada yetu walirudi mikono mitupu, kwa hivyo siwezi kumsahau mama huyo. Tukatandika plastiki, tukamwagiwa machicha ya moto mpaka pikapu ikakaa chini.

Karibu na Juja polisi akatusimamisha. Aliingiza kichwa dirishani, akanusa, akamtazama Kitheka, mzee wa kanisa, na koti lake. "Mzee, leo tumeanza mapema, eh?" Kitheka alimwonyesha mzigo kwa kidole. Mimi nilicheka hadi polisi naye akacheka, akatuambia twende, ng'ombe wasilale njaa.

Sasa hapa ndipo penye lile Kitheka asilotaka ulisikie. Tulipoacha lami tu, tairi ya nyuma ilipasuka. Tukaweka ya akiba, nayo ikapasuka kabla hatujafika mbali. Tairi zilikuwa zinang'aa kwa kuoshwa, ndugu yangu, lakini mpira ulikuwa umekauka na kufanya nyufa kwa kukaa bila kutembea. Kitheka aliketi juu ya jiwe akashika kichwa. "Nimeharibu gari ya shemeji," ndilo neno pekee alilosema. Mimi nilikuwa nawaza yule ng'ombe pale nyumbani, na mwenye bucha. Jua lilikuwa utosini na mzigo umeanza kuchacha.

Marvin, yule wa bodaboda, akatukuta hapo. "Mathe, hii ni sherehe ama ni nini?" Nilipomweleza, utani ulimwisha. "Tulia. Wacha niite wasee." Zikaja pikipiki za wenzake, na nyuma yao kwaya yetu nzima iliyokuwa mazoezini kanisani, na magunia, mabeseni na koleo. Walichota huku wakiendelea na wimbo walioukatiza. Wamama wenye heshima zao walilowa machicha hadi viwiko. Nilimwambia kila mmoja ajaze chombo chake kwanza, kwa maana njaa haikuwa ya ng'ombe wetu peke yake. Yaliyobaki yalibebwa hadi nyumbani, tukayashindilia kwenye shimo, tukayafunika hewa isiingie. Tulitafuta kitu kikubwa cha kufunikia tukakosa, mpaka Kitheka mwenyewe akaleta lile turubali.

Kesho yake kanisa zima lilinuka. Mchungaji alisimama, akavuta pumzi, akasema hajawahi kusikia kwaya inayonuka bia ikiimba vizuri hivyo.

Ng'ombe tulimpa kidogo kidogo, tukichanganya na majani makavu asivimbiwe. Asubuhi moja nilienda na ule mti wangu wa kumwinulia nikamkuta amesimama mwenyewe, ananitazama kama ninayemchelewesha. Nililia, Nzioki. Nilimlilia mwaitu, nikakulilia na wewe uliye mbali. Mwenye bucha siku hizi hatusalimii.

Nakushukuru sana, mwana wa mama. Umetuokolea ng'ombe ukiwa huko huko. Kitheka ametia tairi nyingine, za mtumba lakini nzima, na alitaka kupaka rangi mikwaruzo ya koleo kabla hujajua. Nimemkataza. Ufunguo uliokuwa ukikaa nyuma ya picha ya mwaitu sasa anatembea nao mfukoni, na Jumamosi haoshi tena gari, anawapeleka wanakwaya Ruiru kuchukua machicha yao.

Kwa hivyo ukirudi utaikuta imechubuka, inanuka bia, na haina turubali. Usiulize ni nani aliyeiharibu. Ingia ndani kwanza unywe chai, maziwa yatakuwa ya ng'ombe wa mwaitu.

Lynn anakusalimu, anasema usisahau viatu vyake. Ngendo anakusalimu, na Kitheka pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mungu aliyemsimamisha ng'ombe wetu akusimamishe na wewe katika kazi yako, akurudishe salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kanini